Kupima Uhalisia wa Ndege Nyongeza za Abiria katika Simuleta za Nyumbani: Uchunguzi wa Q400 na ATR katika Mazingira ya Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ya kupima uhalisia wa ndege za abiria zinazouzwa kama programu nyongeza kwa ajili ya simuleta za urukaji zinazotumika nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba uhalisia si sifa moja ambayo ndege ya kompyuta ama inayo ama haina. Ni jibu linalotolewa kwa swali mahususi, na swali lenye thamani kubwa zaidi ni lile linaloulizwa pale ambapo ndege halisi ingeweza kumshinda rubani. Mifano imechukuliwa kutoka katika ndege mbili za pangaboi zinazofahamika katika viwanja vya mikoa ya Tanzania, yaani Dash 8 Q400 na ATR 42, na mazingira ya majaribio ni kiwanja cha ndege cha Kigoma, ambacho kwa wakazi wa nyanda za juu za Gwarama, Kibondo na Kasulu ndicho kiwanja cha mkoa wao. Makala yanapendekeza tabaka nne za uhalisia, yanaonesha jaribio linalofaa kwa kila tabaka, kisha yanaeleza mipaka ambayo mtathmini hapaswi kuivuka.

1.0 Utangulizi

Simuleta ya urukaji inayotumika nyumbani ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kuongoza ndege ya kuigiza kwa kutumia kibodi, kijiti cha kuongozea au usukani mdogo wa mezani. Programu za msingi, kama vile Microsoft Flight Simulator iliyoanza mwaka 1982 na X-Plane, huja na ndege kadhaa pamoja na ramani ya dunia, hewa na viwanja. Juu ya msingi huo watengenezaji wengine huuza ndege moja moja zilizotengenezwa kwa undani zaidi. Ndege hizo ndizo zinazoitwa hapa ndege nyongeza. Majestic Software walitoa Dash 8 Q400 mwaka 2013, na ATR 42-600 pamoja na ATR 72-600 zilitolewa kwa ajili ya Microsoft Flight Simulator mwaka 2023. Zote mbili zinahusu aina za ndege ambazo Mtanzania anaweza kuzikuta uwanjani.

Uhusiano huo na Tanzania si wa mbali. Air Tanzania ilipokea Q400 zake mbili za kwanza Septemba 2016, na ndizo zilizoirudisha kampuni hiyo katika safari za mikoani. Precision Air nayo ilikuwa kampuni ya kwanza duniani kukabidhiwa ATR 42-600, mwaka 2012. Kwa hiyo kijana anayefungua ndege hizi kwenye kompyuta hakutani na jambo la kigeni. Anakutana na nakala ya chombo ambacho huenda amewahi kukiona kikishuka Kigoma.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Simuleta za mafunzo zenye ithibati zipo katika vituo vichache, na gharama yake kwa saa haimo katika uwezo wa familia nyingi. Mwanafunzi wa nyanda za juu za Kigoma anayetamani urubani au uhandisi wa ndege anaweza kuwa na kompyuta na ndege nyongeza moja kama maabara yake pekee. Ikiwa nakala hiyo ni sahihi, atafika chuoni akiwa na mwanzo mzuri. Ikiwa ina makosa yaliyojificha nyuma ya picha nzuri, atafika na mazoea ambayo mwalimu atalazimika kuyavunja kwanza. Wanasaikolojia wa mafunzo huliita jambo hili uhamishaji hasi wa stadi: mtu anajifunza vizuri, lakini anajifunza kisicho sahihi.

2.0 Tabaka nne za uhalisia

Tathmini nyingi za ndege nyongeza huanza na mara nyingi huishia katika mambo yanayoonekana: rangi za kampuni, mikwaruzo kwenye viti, mwanga wa taa usiku, sauti ya injini. Mambo haya yana nafasi yake, lakini ndiyo rahisi kuyaiga na ndiyo yenye uwezo mdogo wa kueleza chochote kuhusu urukaji. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mtathmini anapaswa kuulizia uundaji, si kuelea peke yake. Makala haya yanapendekeza uhalisia ugawanywe katika tabaka nne.

Tabaka ya kwanza ni ya mwonekano na sauti. Swali lake ni kama chumba cha rubani kina vitu vilivyomo katika ndege halisi, mahali pake na kwa umbo lake.

Tabaka ya pili ni ya mifumo. Swali lake ni kama umeme, mafuta, haidroliki, hewa na kompyuta za ndege vinategemeana kama katika ndege halisi. Swichi inayowasha taa yake tu ni picha. Swichi inayokata umeme wa kifaa kimoja na kukiacha kingine kwa sababu ya mpangilio wa nyaya ni mfumo.

Tabaka ya tatu ni ya mwenendo wa urukaji. Swali lake ni kama ndege inaongeza mwendo, inapanda, inageuka na inashuka kwa viwango vinavyolingana na uzito, joto na mwinuko uliowekwa.

Tabaka ya nne ni ya hitilafu na mipaka. Swali lake ni jinsi ndege inavyofanya inapokaribia kupoteza mnyanyuo, injini moja inapozimika, au barafu inapojikusanya kwenye mabawa.

Tabaka hizi hazifuatani kwa ulazima. Ndege inaweza kuwa bora katika ya kwanza na dhaifu katika ya nne, au kinyume chake. Kwa sababu hiyo alama moja ya jumla, kama vile tisa kwa kumi, humficha msomaji jambo analohitaji zaidi kulijua.

Aidha, mtathmini anapaswa kutenganisha kazi ya ndege nyongeza na kazi ya programu ya msingi. Hewa, upepo na umbo la ardhi kwa kawaida hutoka katika programu ya msingi. Mwenendo wa urukaji unaweza kutoka upande wowote. X-Plane hugawa bawa na pangaboi katika vipande vidogo na kukokotoa nguvu inayokigusa kila kipande, ilhali matoleo ya zamani ya Microsoft yalitegemea zaidi majedwali ya namba yaliyoandaliwa mapema. Q400 ya Majestic ilichukua njia ya tatu: ukokotoaji wa urukaji wake hufanywa na programu yake yenyewe, nje ya simuleta inayoibeba. Bila kujua namba zinatoka wapi, mtathmini anaweza kuisifu ndege kwa kazi isiyo yake, au kuilaumu kwa kosa lisilo lake.

3.0 Funzo kutoka simuleta zenye ithibati

Swali la uhalisia si geni katika sekta ya anga. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina mwongozo maalumu wa vigezo vya kuithibitisha simuleta, unaojulikana kwa namba 9625, na kanuni za Marekani, sehemu ya 60, hugawa simuleta kamili katika ngazi A hadi D. Msingi wa mifumo hii ni mmoja. Ndege halisi hurushwa kwanza ikiwa na vifaa vya kupimia, data yake huhifadhiwa, kisha simuleta hufanyiwa majaribio yaleyale na tofauti hulinganishwa na kiwango kinachovumilika.

Viwango hivyo vinasema mengi. Katika kuongeza mwendo ardhini wakati wa kuruka, muda na umbali wa simuleta havitakiwi kupishana na ndege halisi kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa umbali, mbadala unaoruhusiwa ni mita 61. Katika kupanda kwa kawaida, mwendo hautakiwi kupishana kwa zaidi ya noti 3, na kasi ya kupanda kwa zaidi ya asilimia 5 au futi 100 kwa dakika. Baada ya vipimo hivyo vya namba ndipo rubani mwenye uzoefu hukaa kitini na kutoa maoni yake. Maoni ya rubani yanakuja baada ya namba. Hayachukui nafasi yake.

Mtathmini wa nyumbani hana data ya ndege ya majaribio. Hata hivyo hayuko mikono mitupu, kwani anavyo vyanzo vitatu vya wazi. Cha kwanza ni hati za data za cheti cha aina ya ndege, zinazotolewa bure na mamlaka za anga, ambazo zinaeleza uzito wa juu, mwendo wa juu na mipaka ya injini. Cha pili ni kanuni za fizikia ya hewa, ambazo hazihitaji kibali cha mtengenezaji. Cha tatu, ambacho hutumiwa mara chache, ni ripoti za uchunguzi wa ajali. Ripoti nzuri ya ajali huchapisha data ya kinasa safari sekunde kwa sekunde, pamoja na uzito, hali ya flapu na hali ya hewa. Kwa mtafiti asiye na bajeti, hiyo ndiyo ndege ya majaribio iliyokwisha kurushwa, ingawa kwa gharama ambayo hakuna aliyetaka kuilipa.

Pia kuna ushahidi kwamba kompyuta ya mezani inaweza kufundisha ikitumika mahali pake. Mwaka 1997 mamlaka ya anga ya Marekani iliruhusu hadi saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vifaa pekee zifanywe kwenye kompyuta zilizoidhinishwa. Ruhusa hiyo ilihusu kusoma vifaa na kufuata taratibu. Haikuhusu kutua, wala kujinasua ndege inapopoteza mnyanyuo. Mgawanyo huo unaafikiana na tabaka zilizopendekezwa hapo juu: thamani ya mafunzo hufuata tabaka iliyothibitishwa, si jina la kifaa.

4.0 Kwa nini Kigoma

Kiwanja cha Kigoma kipo kwenye mwinuko wa takriban futi 2,700, yaani kama mita 820 kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Tanganyika na chini ya nyanda za juu zinazopanda kuelekea Kasulu na Kibondo. Kina sifa tatu zinazokifanya kufaa kwa tathmini: mwinuko wa kutosha kuathiri injini na mabawa, joto la mchana, na ndege za pangaboi ambazo nakala zake za kompyuta zinapatikana.

Kina pia kumbukumbu yake. Tarehe 9 Aprili 2012 ndege ya Air Tanzania aina ya Dash 8-300 ilipata ajali ilipokuwa ikiruka kutoka kiwanjani hapo. Hakuna aliyefariki, lakini ndege haikuruka tena. Tukio hilo linakumbusha kwamba kuruka kutoka kiwanja cha mkoa si jambo la kuchukuliwa kirahisi, hata pale ambapo mjazaji wa fomu ya tathmini anaiweka sehemu hiyo chini ya kichwa cha "mwendo wa kawaida".

5.0 Majaribio yanayopendekezwa

5.1 Jaribio la hewa

Jaribio la kwanza hupima kama joto na mwinuko vinafanya kazi ndani ya simuleta. Hewa ya kawaida ya kimataifa ina nyuzi joto 15 za Selsiasi katika usawa wa bahari na hupungua kwa karibu nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa Kigoma, joto la kawaida kwa hesabu hiyo ni takriban nyuzi 9.6. Mchana wa nyuzi 30 unaizidi kwa nyuzi 20.4. Kanuni ya kukadiria inaongeza futi 120 kwa kila nyuzi iliyozidi, hivyo kwa ndege, Kigoma ya mchana huo ni sawa na kiwanja chenye mwinuko wa takriban futi 5,150 katika hewa ya kawaida. Dar es Salaam yenye joto hilohilo, ikiwa na mwinuko wa chini ya futi 200, inakuwa sawa na takriban futi 2,050.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye kipima mwendo. Ndege inayotua kwa noti 120 zinazosomwa kwenye kipima mwendo husafiri juu ya ardhi, hewa ikiwa tulivu, kwa takriban noti 124 Dar es Salaam na noti 130 Kigoma. Kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa mwendo, breki za Kigoma zinakabidhiwa nishati ya ziada ya karibu asilimia 10, ingawa rubani amesoma namba ileile.

Mtathmini ataweka upepo sifuri, joto nyuzi 30 na uzito uleule katika viwanja vyote viwili, kisha ataandika mwendo wa ardhini unaooneshwa na vifaa vya kuongozea safari. Endapo namba hazitofautiani, kasoro ipo kwenye programu ya msingi au kwenye mpangilio wa hali ya hewa, na majaribio yanayofuata hayana maana mpaka irekebishwe.

5.2 Jaribio la injini

Jaribio la pili ni la ndege nyongeza yenyewe. Injini ya Q400, PW150A, inaweza kutoa zaidi ya nguvu farasi 5,000, lakini si katika kila hewa. Injini za aina hii hukabiliwa na vikwazo viwili. Hewa ikiwa baridi na nzito, kikwazo cha kwanza kufikiwa ni msokoto, yaani nguvu inayozungusha shafti ya pangaboi. Hewa ikiwa ya joto na nyepesi, kikwazo kinachotangulia huwa joto la ndani la turbini.

Kwa hiyo, kwa msokoto uleule na joto la nje lilelile, joto la turbini linapaswa kuwa juu zaidi Kigoma kuliko Dar es Salaam, kwa sababu injini inafanya kazi ileile kwa hewa pungufu. Ndege nyongeza inayoonesha joto lilelile katika viwanja vyote viwili ina mchoro wa kipimajoto, haina injini. Hapa hakuna haja ya kujua namba kamili ya mtengenezaji. Kinachopimwa ni mwelekeo wa badiliko, na mwelekeo huo unatokana na fizikia.

Katika jaribio hilohilo mizunguko ya pangaboi inaweza kukaguliwa. Q400 halisi hutumia mizunguko 1,020 kwa dakika wakati wa kuruka, 900 wakati wa kupanda na 850 wakati wa safari. Badiliko kutoka moja hadi nyingine linapaswa kusikika, kuonekana kwenye msokoto na kuathiri mwendo. Likisikika tu, uhalisia umeishia tabaka ya kwanza.

5.3 Jaribio la mifumo

ATR haina injini saidizi ya mkiani. Badala yake ina breki inayoshika pangaboi la injini ya kulia, ili injini hiyo izunguke na kutoa umeme na hewa huku pangaboi likiwa limesimama. Katika viwanja ambavyo gari la umeme wa ardhini halipo au limechelewa, mpango huu ndio unaowaweka abiria katika chumba chenye hewa na taa.

Ndege nyongeza nyingi zinaweza kuonesha pangaboi lililosimama. Swali la mtathmini linakwenda mbali zaidi. Katika ATR halisi, jenereta zinazotoa umeme wa mkondo geu wa masafa yanayobadilika huzungushwa na gia ya pangaboi, si na kiini cha injini. Pangaboi likishikwa, jenereta hizo hazitoi kitu, na kwa kuwa pampu kuu za haidroliki hutegemea umeme huo, nazo hukosa nguvu. Kinachobaki ni umeme wa mkondo mnyoofu na pampu saidizi. Mtathmini atawasha injini ya kulia kwa breki ya pangaboi, bila umeme wa nje, na kuangalia shinikizo la haidroliki. Pampu kuu zikionesha shinikizo kamili, basi mtengenezaji amechora swichi bila kuunganisha nyaya. Jaribio hili huchukua dakika chache, halihitaji kuruka, na hueleza zaidi kuhusu undani wa ndege kuliko saa nyingi za kutazama mandhari.

5.4 Jaribio la mipaka

Jaribio la nne ndilo zito kuliko yote. Tarehe 12 Februari 2009 ndege aina ya Q400, safari ya Colgan Air namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo nchini Marekani. Watu 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa ardhini walifariki. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2010 kwamba rubani alivuta usukani badala ya kuusukuma baada ya kitikisa-usukani kutoa onyo, na ndege ikapoteza mnyanyuo.

Ndani ya ripoti hiyo kuna jambo dogo la kiufundi lenye uzito mkubwa kwa makala haya. Q400 ina swichi inayopandisha mwendo wa rejea kwa ajili ya mazingira ya barafu. Ikiwashwa, onyo la kupoteza mnyanyuo huja mapema, kwenye mwendo wa juu zaidi. Usiku ule swichi ilikuwa imewashwa, ilhali marubani walikuwa wameweka mwendo wa kutua wa noti 118, unaofaa kwa bawa lisilo na barafu. Kitikisa-usukani kilianza kwenye noti 131, wakati ambapo ndege yenyewe bado ilikuwa mbali na kupoteza mnyanyuo.

Mtathmini anaweza kuirudia hali hiyo: uzito na flapu kama zilivyotajwa katika ripoti, swichi ikiwa imewashwa, mwendo ukipunguzwa polepole. Kisha atarudia swichi ikiwa imezimwa. Maswali ni matatu. Je, onyo linakuja mapema zaidi swichi ikiwashwa? Je, tofauti hiyo inakaribiana na ile ya ndege halisi? Je, onyo linatangulia kupoteza mnyanyuo kwa nafasi inayomwachia rubani muda wa kusukuma usukani? Ndege nyongeza inayopita mtihani huu inaweza kumwonesha mwanafunzi jinsi ambavyo marubani wawili walionywa na ndege iliyokuwa bado inaruka. Isiyopita haiwezi kulifundisha somo hilo, hata kama kila skrubu ya chumba cha rubani ipo mahali pake.

Kinachotokea baada ya mnyanyuo kupotea kinahitaji tahadhari ya pekee. Kwa miaka mingi hata simuleta za ngazi ya juu hazikutakiwa kuthibitishwa katika eneo hilo, kwa kuwa data ya ndege halisi ilikuwa haba. Baada ya ajali ya Buffalo sheria za Marekani zilibadilishwa, na mwaka 2016 kanuni za simuleta ziliongezewa vigezo vya kupoteza mnyanyuo kikamilifu. Ikiwa viwanda vyenye ndege za majaribio vilihitaji sheria ili kufika hapo, tangazo la ndege nyongeza linalodai usahihi katika eneo hilo linapaswa kuombwa ushahidi kwanza.

6.0 Mipaka ya tathmini

Kuna mambo manne ambayo mtathmini anatakiwa kuyaandika wazi ili matokeo yake yasitumike visivyo.

Jambo la kwanza ni toleo. Programu hubadilika kila mara, na hitimisho la toleo moja huenda lisiwe la kweli kwa lile linalofuata. Namba ya toleo la ndege na la programu ya msingi ni sehemu ya data.

Jambo la pili ni kompyuta. Mashine yenye uwezo mdogo huchora picha chache kwa sekunde, na katika baadhi ya programu ukokotoaji wa urukaji hufuata kasi hiyo. Mtu anayetumia kompyuta ndogo inayoendeshwa kwa umeme wa jua anaweza kupima udhaifu wa mashine akidhani ni udhaifu wa ndege. Kila jaribio lirudiwe walau mara tano, na idadi ya picha kwa sekunde iandikwe pamoja na matokeo.

Jambo la tatu ni mwili. Kijiti cha mezani hurudishwa katikati na springi, na kiti cha nyumbani hakisogei. Uzito wa usukani mikononi, msukumo mgongoni na mtikisiko wa magurudumu haviwezi kupimwa wala kujifunzwa hapo. Kauli kwamba ndege "inahisiwa kama halisi" haithibitishiki katika mazingira hayo, hata ikitolewa na rubani mwenye leseni.

Jambo la nne ni jina. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air namba 494, aina ya ATR 42-500, iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwa ndani, 19 walifariki. Ndege nyongeza iliyotolewa mwaka 2023 ni ya mfululizo wa 600, ambao una skrini tano kubwa katika chumba cha rubani na kompyuta tofauti na zile za mfululizo wa 500. Jina ATR 42 ni moja, lakini rubani wa Bukoba hakuwa akitazama vifaa hivyo. Isitoshe, upepo na mvua vya asubuhi ile juu ya ziwa havimo katika programu yoyote ya nyumbani. Kuirudia ajali hiyo kwenye kompyuta na kutoa hukumu juu ya marubani ni kuvuka mpaka wa kitaaluma na wa utu kwa pamoja. Familia zilizofiwa zinastahili ushahidi wa uchunguzi, si wa mchezo wenye picha nzuri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uhalisia wa ndege nyongeza hupimwa tabaka kwa tabaka, na kwamba tabaka inayoonekana zaidi ndiyo inayothibitisha machache zaidi. Yameonesha pia kwamba mtathmini asiye na maabara anaweza kufanya kazi yenye uzito kwa kutumia fizikia ya hewa, hati za wazi na ripoti za ajali, na kwamba kiwanja kama Kigoma kinatosha kuitenganisha ndege iliyokokotolewa na ndege iliyochorwa.

Inapendekezwa kwamba tathmini za baadaye ziachane na alama moja ya jumla na badala yake zitaje tabaka, jaribio, namba iliyotarajiwa, namba iliyopatikana na toleo lililotumika. Vyuo vinavyofundisha urukaji na matengenezo ya ndege, kikiwemo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, vinaweza kunufaika kwa kuwapa waombaji orodha fupi ya mambo ambayo simuleta ya nyumbani inaweza kuwafundisha na yale ambayo haiwezi. Mwanafunzi wa Gwarama mwenye kompyuta moja hatapata kutoka humo hisia ya ndege halisi. Anaweza, hata hivyo, kujifunza kwa nini joto la turbini hupanda Kigoma kuliko Dar es Salaam, na kwa nini marubani wa Buffalo walionywa mapema kuliko walivyotarajia. Mambo hayo mawili yakiwa sahihi katika nakala aliyo nayo, ataingia darasani akiwa na maswali yanayofaa, na mwalimu wake hatalazimika kuanza kwa kumsahaulisha.